Mke wa Ndululu

Ndululu aliirarua picha katikati. Kavata akabaki mkononi, na Jonah, mwalimu wa kwaya, akaingia motoni na suti yake.

"Haya, umechoma mtu wa Mungu," Kavata alisema akicheka, huku ameshika tumbo. Mshono wa Ujerumani ulikuwa bado unauma.

"Mtu wa Mungu alikuwa anafanya nini kando ya kitanda chako?"

"Alikuwa ananitafsiria maneno ya daktari."

"Na ule mkono?"

"Mkono ulishika chupa ya chai, jamani! Angalia vizuri."

Cha kuangalia kilikuwa kimeshakuwa majivu.

Kavata ndiye aliyekuwa sauti ya kwanza katika kwaya ya Mbumbuni. Mwaka wa themanini na saba kanisa moja la Ujerumani liliwaalika wakaimbe huko, na kabla ziara haijaisha kidole tumbo kikampasukia, akafanyiwa upasuaji huko huko. Wenyeji wao wakalipa hospitali, na sasa walitaka kurudishiwa. Ndululu hakuwa na hofu. Kampuni iliyokatia lori lake bima ilikuwa na mpango wa safari: mwenye bima akilipia, mke wake anatibiwa popote duniani. Ndululu alilipia. Muthama, dereva wa lori, ndiye aliyepeleka kila karatasi katika ofisi yao ya Kitui, maana Ndululu hakuacha duka lake hata akiumwa.

Siku ya jibu, Muthama alirudi kutoka Kitui, akazima lori, akabaki amekaa ndani. Ndululu akamfuata huko huko.

"Wamekataa kulipa," Muthama alisema akiutazama usukani. "Wanasema Kavata si mke wako."

Lo! Damu ilimpanda Ndululu kichwani. Deni aliweza kulimeza. Lori lingeuzwa, basi, liuzwe. Lori ni chuma tu. Lakini Kavata si mke wake? Ni wa nani basi? Watu wa Nairobi, makao makuu ya kampuni, hawawezi kuota jambo kama hilo. Lazima kuna mtu amekwenda kuwaambia, "Yule ni wangu."

Na soko la Mbumbuni halina breki mdomoni. Kwa miaka watu walisema wale watoto wawili wa Kavata hawana hata ukucha wa Ndululu. Hilo halikumkosesha usingizi hata siku moja. Mtoto akizaliwa bomani ni wa boma, na alivyopatikana si hadithi ya kusimuliwa barabarani. Kilichomuuma ni jina. Mwanamume yeyote ambaye angethubutu kusimama mbele ya watu akajiita mume wa Kavata, Ndululu angemtafuna bila chumvi.

Jumapili akaenda kukaa benchi la nyuma kanisani, mahali ambapo hakuwa amekanyaga tangu mchungaji akatae katakata kuibariki ndoa yake. Mahubiri hakuyasikia. Aliutazama mkono wa Jonah ukipanda na kushuka mbele ya kwaya, na kila Kavata alipoufuata kwa macho, moyo wa Ndululu uliwaka kama uliotiwa pilipili. Kikulacho ki nguoni mwako, na hiki kilivaa tai!

"Kama kuna mtu, niambie," alimwambia Kavata jioni ile. "Niambie mwenyewe, nisiambiwe na dereva."

Kavata hakucheka safari hii. "Mimi niliolewa boma hili. Mbuzi walifika kwetu, baba yangu akawapokea kwa mkono wake. Nitaenda wapi tena?"

Yalikuwa maneno mazuri. Ndululu hakuyaamini.

Kulipokucha akapanda lori kwenda Kitui pamoja na mzee Mulei, shahidi wa mahari. Njiani akafungua fundo lake la pesa, akamnunulia mzee chai na mandazi ili asije akasahau ushahidi.

Ofisini walimkuta Abdulkadir, kijana wa Kitui mjini, mpole, mwenye Kiswahili kilichonyooka.

"Karibuni. Karibuni viti."

Ndululu hakuketi. "Nani amesema Kavata si mke wangu?"

"Ni uamuzi wa Nairobi."

"Nairobi waliona mbuzi wangu?"

"Mimi ndiye niliyewaswaga," Mulei alidakia. "Na mmoja akanipiga pembe. Kovu ndilo hili." Akaanza kupandisha suruali.

"Mzee, sikatai, tafadhali," Abdulkadir alisema haraka.

"Basi ni Jonah," Ndululu alisema. "Alijiandikisha kule hospitali kuwa ndiye mume."

"La, hasha. Huyo Jonah amewatetea sana. Aliwaambia Wajerumani mwenye mke ni Ndululu wa Mbumbuni, na hapa pia alikuja akasema hivyo hivyo."

Ndululu aliduwaa. Chuki yote ile, bure? Aibu ikamshika, lakini haikukaa, maana wivu ulirudi na nguvu mpya. Kumbe kuna mwingine kabisa, mtu ambaye hata hajamwona! Akaipiga meza kwa kiganja mpaka kalamu zikaruka.

"Mtaje basi! Huyo mwanamume wa Kavata ni nani, na anakaa wapi?"

Abdulkadir aliinamisha macho, kama mtu aliyelelewa vizuri.

"Hakuna mwanamume hata mmoja, mama," alisema taratibu. "Kwa Nairobi mwanamke haoi mke, hata atoe mbuzi. Ndiyo maana wamekataa."