Samli ya Koboko

Kabla hata hajavua kandambili, Medina alianza kutafuta mnyororo kwa macho.

Alikuwa ametumwa kutoka Arua aje Koboko kuikagua nyumba ya Asiya, mchumba wa mtoto wa kaka yake. Neno lake ndilo lingefunga ndoa au kuivunja. Na nani Arua hakuwa amesikia? Kaka wa Asiya ana wazimu, alifungwa mnyororo nguzoni miaka miwili, na sasa, juu ya vidonge, dokta mmoja kaamuru ale samli, nyama na mayai tu. Mkate hapana, ugali hapana, sukari hapana.

"Samli!" Medina alikuwa amewachekesha abiria wa lori zima. "Kwani wazimu iko gurudumu, unapaka grisi?"

Alipokewa na bwana mmoja, shati limepigwa pasi, aliyemnawisha mikono na kumuuliza habari za Arua mtaa kwa mtaa. Nani kaolewa, nani kaachwa. Umbea ukakolea, Medina akasahau mnyororo.

Chakula kikaja. Bwana yule akamsukumia mgeni kisra yote, ile mikate myembamba ya mtama, akabaki na nyama. Chai ikaja na sukari, mwaka ule ambao sukari ilionekana kwa nadra kama mwezi wa Idi. Akaisukuma nayo.

"Sukari ya mgeni, shangazi. Mimi hapana."

Adabu gani hiyo! Huko Arua mgeni akipiga hodi, sukari inakimbilia chini ya kitanda.

Medina akautupia jicho mlango wa chumba cha nyuma. Umefungwa. Aa, kumbe ndimo walimomficha.

Kaltumu, mama yake Asiya, alipoingia na bakuli la mwisho, Medina akatoa hukumu.

"Ndoa iko. Lakini yule mwenda wazimu wenu, mla samli, siku hiyo akae nje ya boma, asitutie aibu mbele ya watu. Na kwa vile baba ya Asiya alishakufa, walii wa kumwoza awe huyu hapa. Huyu ndio mutu!"

Kaltumu akainamisha uso. Bwana yule akalivuta bakuli, akachota samli kwa kijiko, akaila taratibu kama mtu anayekunywa uji, akapangusa midomo.

"Sasa, shangazi," akauliza, "siku hiyo nianzie wapi: nje ya boma, au kwenye mkeka wa walii?"