Herufi Zisizokoma

Riziki aliwaomba wenzake watoke maabarani. Damu iliyokuwa ikipimwa ilikuwa ya mdogo wake, Makame, na alitaka majibu wayaone wao wawili tu.

Ndani ya mashine, uzi mmoja wa vinasaba, mwembamba usioonekana kwa macho, ulikuwa ukipita kwenye tundu dogo, na chembe zake zikitokea kama herufi, moja moja, kwenye skrini. Riziki aliisubiri sehemu inayobeba ugonjwa wa kurithi uliomuua baba yao. Ilipofika, herufi tatu zikaanza kujirudia. Kwa mtu mwenye afya hujirudia kidogo tu, kisha hukoma.

"Komeni," alinong'ona.

Hazikukoma. Zilijaza mstari, zikashuka wa pili, zikaendelea.

"Dada, mbona inaandika neno lile lile?" Makame aliuliza huku akicheka. "Imekwama?"

"Haijakwama."

Kicheko kikapotea usoni mwake. "Ni ule wa baba?"

Riziki aliitikia kwa kichwa. Akamshika bega.

"Na dawa?"

"Hakuna, mdogo wangu."

Makame hakulia. Aligeukia dirishani. Nje, mkewe alikuwa ameketi kwenye benchi akijipepea kwa ncha ya kanga, mkono mwingine juu ya tumbo lililoanza kuonekana. Alipomwona mumewe alitabasamu, akainua nyusi kumuuliza.

Makame aliinua mkono ampungie. Ukaishia kwenye kioo cha dirisha, ukabaki hapo, vidole vimetanuka.