Chupa Isiyofunguliwa

Kipimo kilionyesha mkate wa Bi Tunu umejaa ile sumu inayozaliwa sukari na protini zikiungua motoni. Afisa wa afya alisimama mlangoni mwa maabara, ameshika kufuli la kufungia tanuri la Bi Tunu.

"Weka sahihi kwenye ripoti, Sihaba, nikafunge."

"Mwanangu, mimi siunguzi mkate," alisema Bi Tunu, aliyesimama kando ya afisa.

Sihaba, aliyeupima, alichukua kalamu. Hapo akaiona kwenye rafu chupa ya dawa ambayo hutiwa kwanza, ili sampuli ikichemshwa maabara isizalishe sumu hiyohiyo. Utepe wa kizibo ulikuwa haujakatwa.

"Dada, sahihi."

Sihaba alisogea, akaikinga chupa kwa mgongo isionekane. Bi Tunu alikuwa akimtazama usoni.