Wageni Wasiotazama Meno

Wageni wawili walipita katikati ya mbuzi ishirini na sita bila kumfunua hata mmoja mdomo, na hapo ndipo Marietha alipojua kwamba hawakuja kununua.

Ilikuwa wiki moja kabla ya Idi ya kuchinja. Wiki hiyo hakuna aliyefika kwenye zizi lake la Boko akaacha kutazama meno. Jirani yake, Mzee Abdulsamad, alikuwa amekuja mara tatu kwa beberu yule yule, na kila alipokuja alimhesabia meno upya, kana kwamba yangepungua. Lakini hawa walivaa viatu vya kung'aa kwenye tope lile la mwisho wa masika. Mwanamke alijifunga kitenge ambacho bado kilikuwa na mikunjo ya dukani. Wakajitambulisha: Mzee Leodegar, na Anna, dada yake Valerian. Wakaomba viti.

Moyo ulimlipuka Marietha. Wamemfuata binti yake, Jenipher.

Si kwamba hakulitarajia. Biashara yake ilifuata kalenda ya ibada kuliko ya mvua. Januari watu wanalipa ada, nyama inasahaulika. Kwaresima zizi linapoa, Pasaka linachangamka, Idi linachemka, kisha polepole mpaka Krismasi. Valerian, mwenye bucha la Tabata, hakufuata kalenda yoyote. Alikuja hata Ijumaa za Kwaresima, shati limepigwa pasi. Alizunguka zizi, akanong'ona na Jenipher karibu na pipa la maji, akaondoka bila mbuzi. Mwenye bucha anayesafiri kutoka Tabata mpaka Boko Ijumaa ya Kwaresima hatafuti nyama.

Na bila Jenipher zizi lisingekuwepo. Mume wa Marietha alipofariki, mbuzi kumi na mmoja walikufa ndani ya mwezi mmoja. Jenipher, binti yake wa pekee, akarudi kutoka chuo cha kilimo na shahada yake na sindano za chanjo, akawanusuru waliobaki. Akiolewa huyo, Marietha atabaki na mbuzi na redio.

Kwa hiyo alimtuma binti akakate majani kule bondeni, mbali, halafu akaamua kuwa mjinga.

Mzee Leodegar alikohoa kikohozi cha mshenga. Alisema kijana wao amekuwa akipita hapa, ameona kitu kimempendeza, na sasa hata usingizi hapati.

"Beberu au jike?" Marietha akauliza.

Mzee akamtazama Anna. Anna akatazama kitenge chake.

"Kama ni kusema hivyo, mama," Mzee Leodegar akajibu taratibu, "basi jike."

"La kuchinja?"

"La kukaa naye, mama. La maisha."

Marietha akawaonyesha jike jeusi lenye mimba. Mzee akasema, kwa subira kubwa, kwamba kijana hataki mwingine isipokuwa yule anayeamka kabla ya jogoo, yule ambaye zizi lote linamsikiliza.

Ni Jenipher mtupu. Marietha akaona ujinga peke yake hautoshi, sasa inabidi amharibie sifa. Tatizo, Jenipher hakuwa na kasoro za kutaja. Akaokota zilizokuwa karibu.

"Huyo mie simshauri mtu," alisema. "Ana pembe. Halafu mbishi. Neno la mwisho lazima liwe lake, akilikosa anasusa kula. Na asubuhi kabla hajanywa chai hasemeshwi."

"Mbuzi anakunywa chai?" Anna akauliza.

"Wa huku Boko wanakunywa."

Anna alijifunika mdomo kwa kitenge, mabega yakimtetemeka. Mzee Leodegar hakucheka. Alikuwa akitikisa kichwa polepole, mithili ya mtu anayesikia habari aliyokwisha kuipata.

Marietha akaongeza kwamba huyo mnyama anakoroma. Akaongeza kwamba ana wivu, na kwamba akiudhika anaweza kununa tangu Idi hadi Krismasi. Alikuwa anatafuta kasoro ya saba pale Jenipher alipotokea, mzigo wa majani kichwani, tope mpaka magotini. Binti akautua mzigo, akawasalimu wageni shikamoo kwa heshima zote, na kabla hajajifuta jasho akamwinamia mbuzi mmoja aliyekuwa akichechemea, akamkagua kwato.

Marietha alimtazama. Miaka mitatu sasa, kila siku hivi. Wenzake aliosoma nao wana nyumba na watoto, yeye ana mbuzi wa mama yake. Aibu ikamshika. Huku si kumpenda mtoto, aliwaza. Huku ni kumfunga kamba fupi na kumsifu kwamba hatoroki.

"Mzee wangu, nisamehe," alisema, na sauti ilimtoka ndogo. "Nimewaelewa tangu mlipoomba viti. Ni woga tu. Jenipher, mwanangu, acha hao, sogea hapa. Wazee wana neno. Mwulizeni mwenyewe. Akikubali, mie sitamshikia kamba."

Mzee Leodegar alivua kofia. Akainuka, akafunga kifungo cha koti, akamgeukia Jenipher kama mtu anayesimama mbele ya baraza la ukoo.

"Mwanetu," alisema, "wajomba zako wa Masasi tumewapigia simu, wamesema wa kuombwa ruhusa hapa ni wewe. Tunaomba utupe mama yako. Kasoro zake ametutajia mwenyewe, na zote ni zile zile alizotuambia Valerian."