Kiwanda Kisicho na Majeruhi

Bouazza aliingizwa kazini amebebwa na wenzake wanne kama bwana harusi, ila bwana harusi hapigi ukelele kwenye kila ngazi. Wakamketisha nyuma ya meza, wakamrundikia lebo za makopo ya dagaa, kisha wakauficha mguu wake wenye plasta kwa kitambaa kilichoning'inia hadi sakafuni.

"Usisimame, hata ukiona moto," alionya mkuu wa usalama kiwandani, aliyeitwa Si Lahbib, yaani Bwana Lahbib.

Mguu ulikuwa umevunjwa na mashine juzi. Lakini kwa serikali, ajali ya kuhesabiwa ni ile inayomkosesha mtu siku ya kazi, na Bouazza hakukosa: alitolewa hospitali akaletwa moja kwa moja. Mwaka ukiisha bila wa kukosa, kila mfanyakazi wa kiwanda hicho cha mji wa Safi, Moroko, angepata kondoo wa Idi.

"Vumilia, kaka," wenzake walimbembeleza. "Watoto wameshampa kondoo jina."

Mkaguzi wa serikali akaingia, koti limening'inia mabegani. Msaidizi wake alimfungulia mlango, akamvutia kiti. Hakumpa mtu mkono. Si Lahbib alimmiminia chai ya mnanaa kwa mkono wake mwenyewe. Mkaguzi akaitazama tu, asiiguse.

Huyu hali cha mtu, aliwaza Bouazza. Tumekwisha.

Si Lahbib akamchukua msaidizi kwenda kumwonyesha mashine. Wakabaki wawili. Maumivu ya mguu yalimgonga Bouazza kama nyundo, jasho likamchuruzika hadi kidevuni.

"Umevunjika lini?" mkaguzi aliuliza kwa sauti ya chini.

Bouazza aliwafikiria kondoo. Akafikiria na vidole vyake vya mguu, vilivyokuwa vimeanza kuwa vyeusi, na mkewe aliyelia tangu alfajiri.

"Juzi, bwana. Andika tu. Wenzangu watanichinja mimi badala ya kondoo, lakini andika."

"Niandike na nini?"

Mkaguzi akatikisa mabega, koti likaanguka. Mikono yote miwili ilikuwa ndani ya plasta, toka vidoleni hadi juu ya viwiko.

"Ngazi za ofisini," alisema. "Hebu ninyweshe hiyo chai, ndugu yangu, kabla hawajarudi. Na sisi mwaka huu hatuna aliyekosa siku ya kazi."