Barua kwa Afande

Asubuhi ile Emérance alikuta kiti chake cha tatu kimekuwa kuni.

Miguu miwili ilikuwa barazani, mmoja mferejini, wa nne hauonekani. Mama Asmah, mwenye nyumba, alikuwa ameshafagia uwanja wote, ufagio bado mkononi, kana kwamba hakuna jambo.

"Nani amefanya hivi?"

"Ah, ni Afande. Ilipita jana jioni."

"Afande alikalia kiti yangu mupaka ikavunjika?"

Mama Asmah alicheka hadi akashika kiuno. "Afande kukaa kwa kiti! Mama Kongo, utaniua. Ilikuwa inapita tu. Kiti ndiyo ilikuwa kwa njia."

Emérance hakucheka. Chumba hiki cha Kabatoro alikipanga kwa ajili ya baraza peke yake. Bati lilivuja, mlango uligoma, lakini baraza ilitazama ziwa, na yeye alitoka Beni, Kongo, ambako kwa miaka sita alijifungia kabla jua halijazama kwa sababu ya wanaume wenye bunduki. Siku alipovuka mpaka kuingia Bwera alijiapia kitu kimoja: jioni zake atazikalia nje, kwenye kiti, kama mtu. Akaja huku kwenye loji na watalii, akashona mifuko ya vitenge, akapata chumba. Na kabla hata godoro halijatua chini, Mama Asmah akamwambia: ikifika saa moja, wote ndani. Afande inapita.

"Sasa huyu Afande ni nani?" aliuliza safari hii, mguu wa kiti mkononi.

"Afande ya zamani sana. Mimi nilijenga hapa nikamkuta. Njia ni yake."

"Iko na karatasi ya hiyo njia?"

"Karatasi ya nini? Serikali yote iko nyuma yake. Ukimgusa hata na jiwe, wewe ndiyo unalala ndani."

Emérance alizijua habari za namna hiyo. Alizijua kwa Kinande, kwa Kiswahili na kwa Kifaransa. Hakuwa mtu wa kusahau. Hata rangi za kofia za wale wenye bunduki alizikumbuka. Kila mji aliopita ulikuwa na bwana mmoja ambaye njia ni yake, na huyu wa hapa alikuwa amezidi. Mwezi uliopita Afande alimaliza bustani yote ya dodo ya Emérance, mboga alizomwagilia mwenyewe kwa mikono yake, hakuacha jani. Halafu ule ukuta wa nyuma! Afande alijisaidia kwenye ukuta wa nyumba ya watu, na asubuhi Mama Asmah akauosha kwa ndoo mbili, akiimba. Akiimba! Hilo lilimchoma Emérance kuliko uchafu wenyewe.

Akaenda chumba cha pili kwa Aryemo, mke wa polisi.

"Bwana yako iko na bunduki. Anashindwa kumusimamisha Afande?"

"Nani, bwana yangu?" Aryemo akapiga makofi. "Akimwona tu anazima pikipiki, anazima na taa, anangoja apite. Dada, unataka mimi niwe mjane?"

"Na wazungu wa loji banasema nini?"

"Hao? Hao wanampenda sana."

Bila shaka. Emérance akarudi chumbani, akachana karatasi kwenye daftari la vipimo, akaandika barua.

Chairman Kosiya, mkubwa wa kijiji, aliisoma akiwa amesimama, mabega yakimtikisika. "Mama, hii ni nzuri. Tangu nichaguliwe sijapata barua kama hii." Akaigonga muhuri, akafuta machozi ya kicheko. "Lakini nani itampelekea?"

"Miye."

"Unacheza."

"Sichezi, Chairman."

Kicheko kikapungua kidogo. "Basi simama mlangoni. Usimzibe njia, mama. Mwaka juzi kuna mtu alimzibia njia. Tulimzika kule Rukoki."

"Na Afande hakufanywa kitu?"

"Afanywe nini? Wakubwa walikuja na gari, wakapiga picha, wakaandika, wakaenda."

Emérance alikunja barua yake mara nne. Mtu ameuawa, na Chairman ana muhuri wa mzaha!

Jioni ile alivaa kitenge cha misa. Kiti cha nne hakuwa nacho. Akaifudikiza ndoo barazani, akaikalia. Saa moja ilipokaribia, milango ya nyumba ikaanza kufungwa, mmoja baada ya mwingine, na kila komeo lilimwingia kama tusi. Watu wazima, wake kwa waume, wanajificha kama panya kwa ajili ya mmoja.

"Mama Kongo, ingia!" Mama Asmah alinong'ona dirishani. "Iko hapa! Iko kwa kona!"

Emérance alisimama. Magoti yalitaka kukimbilia ndani, kama yalivyozoezwa Beni, akayakatalia. Alisikia changarawe ikisagika, kisha pumzi nzito, pumzi ya mnene aliyeshiba vya wenzake. Hakuinua macho. Alijua akiiona sare tu, atakimbia. Akakunjua barua, akasoma kwa nguvu ili nyumba nzima isikie.

"Bwana Afande! Miye ni mupangaji, si mufungwa. Hii njia ni ya watu wote. Leo sitaingia ndani!"

Kisha akainua macho.

Kwenye kona ya nyumba alisimama kiboko, mgongo ukichuruzika maji ya ziwa, jani la dodo za jirani likining'inia mdomoni. Alikuwa amemwacha amalize; sasa naye akafungua kinywa.