Masizi kwenye Oili

Oili ilikuwa nyeusi tii, na gari halikuwa limekwenda popote.

Fundi alikifuta kijiti cha kupimia kwa tambara, akakizamisha tena kwenye injini, akakichomoa. Yaleyale. Oili ile aliibadilisha mwenyewe mwezi uliopita, hapohapo uani kwa mzee, mteja wake. Akaingiza kichwa dirishani mwa pikapu, akasoma mita. Tangu siku ile ilikuwa imetembea umbali wa kwenda sokoni na kurudi, basi.

Fundi alikuwa mgeni mtaani, lakini kwa dizeli hakuwa mgeni. Masizi kiasi kile hutoka kwenye injini inayofanyishwa kazi ya punda. Gari lilikuwa la mtoto wa mzee, kijana ambaye fundi hakuwahi kumtia machoni. Mzee alisema huondoka alfajiri kwenda kazini, hapo karibu tu, na kurudi giza limeshaingia; leo tu ndipo ameliacha gari likaguliwe, akaenda kwa miguu. Fundi akajumlisha mambo, akapata jibu.

"Mzee, mwanao anakuzunguka," alisema. "Anachomoa waya wa mita, anabeba mizigo ya watu kutwa nzima, hela anatia mfukoni. Jioni anaurudisha waya. Huyo ni mwizi."

Mzee alitupa jicho kwenye dirisha la chumbani, ambako mkewe alikuwa amekaa kama kawaida yake. Maradhi yalikuwa yamemchukua macho mama yule, lakini masikio yake yalikuwa mazima. 

"Vijana," alisema, akajilazimisha kucheka.

Kisha akauliza kama kuna kifaa chochote cha kuifanya oili isichafuke upesi namna ile.

Walikwenda pamoja duka la vipuri. Njiani fundi alimweleza kwamba filta ya kawaida huipitisha oili yote mbiombio, na uchafu mdogo unapenya. Filta ya pembeni huvuta oili kidogo kidogo, ikayanasa hata masizi. Muuzaji alipanga tatu juu ya kaunta. Ya kwanza iling'aa kama kioo, na bei yake ilimfanya mzee arudi nyuma. Ya pili ilikuwa nafuu, ila mpira wake ulikuwa umeshaanza kupasuka. Fundi akaisukuma kando. Ya tatu ilikuwa kopo la chuma lisilo na urembo wowote, na ndani yake karatasi iliyokazwa, ambayo ikichafuka unaibadilisha kwa bei ya chee.

Mzee aliipakata ile ya tatu kama mtoto mchanga. Hakuuliza habari za nguvu wala za ulaji wa mafuta. Alitaka kujua kama injini itadumu, na kama mlio wake utabaki uleule.

"Mlio?" fundi aliuliza.

"Usibadilike hata kidogo."

Fundi akamhakikishia kwamba hautabadilika. Moyoni alimsikitikia mzee wa watu, anayejinyima ili kulitunza gari la mtoto anayemwibia. Akaamua kwamba kesho, kabla ya kufunga filta, atamvizia huyo kijana na kumpa vidonge vyake.

Alfajiri aliikuta pikapu inaunguruma getini. Iliunguruma muda mrefu bila kwenda. Halafu mlango ukabamizwa, gari likatoka, likakata kona, likasimama nyuma ya ukuta wa nyumba ileile. Injini ikazimwa. Fundi akalifuata mbio, maneno yakimchemka mdomoni.

Kwenye usukani alikuwa mzee mwenyewe, miguuni amevaa mabuti yaliyompwaya.

Hakushtuka. Alimwomba fundi apunguze sauti tu, kisha akamweleza. Kijana aliangukiwa na kifusi machimboni, siku zilezile mama yake alipokuwa hospitali akipoteza macho. Daktari alikuwa amesema mgonjwa asishtuliwe. Basi mzee akamzika mwanawe akisaidiwa na ndugu wachache, akahama mtaa, asije akatokea mtu wa kumpa pole mbele ya mkewe. Tangu hapo kila asubuhi alilipasha gari moto kwa muda mrefu, kama kijana alivyozoea, akabamiza mlango kama yeye. Jioni alilirudisha, akaingia akiburuta mabuti. Alipeleka salamu za mtoto kwa mama, na za mama kwa mtoto. Chakula ambacho mama alimwekea mwanawe alikila yeye, jikoni, kimeshapoa.

"Injini ikifa," mzee alisema, "nitamwambia nini?"

Kumbe masizi yalitokana na injini kuunguruma kila siku bila kwenda. Fundi alijilaza chini ya gari akaifunga filta, na kila alipokaza nati alilisikia lile neno "mwizi" alilolitamka jana chini ya dirisha la watu. Alipomaliza aliingia uani kunawa. Mzee akaenda kumtafutia sabuni. Hapo fundi akasogea dirishani, akamwomba mama radhi. Akasema alimkosea kijana wake bure.

 Mama alizisikiliza kwanza hatua za mumewe, mpaka zikaishia jikoni.

"Filta umeifunga vizuri?" aliuliza taratibu.

"Vizuri, mama."

"Hakikisha inadumu, baba. Mwanangu amekufa, nilijua tangu siku ile niliporudishwa kutoka hospitali. Lakini mume wangu, asipokuwa na gari la kuwasha, haamki kitandani."